Sindano Mpya Isiifukuze Insulini



Siku moja jioni, yapata saa moja, vijana wawili walimleta mama yao kwenye wodi yetu kwa pikipiki. Mmoja aliendesha, mwingine alikaa nyuma akimshikilia mama asianguke. Mama huyo alikuwa akipumua kwa nguvu na kwa haraka kama mtu aliyetoka kupanda mlima. Midomo ilikuwa imekauka, macho yamezama, na pumzi yake ilinukia kama matunda yaliyoiva mno. Muuguzi aliyekaa wodini miaka mingi akisikia harufu ile hahitaji kuambiwa. Tulimpima sukari. Mashine haikutoa namba; iliandika tu kwamba sukari imepita kiwango inachoweza kusoma.

Niliwauliza vijana, "Mama yenu amechoma insulini lini mara ya mwisho?"

Walitazamana. Mkubwa akajibu, "Sista, insulini aliiacha siku tisa zilizopita. Sasa anatumia ile mpya, ya mara moja kwa wiki."

Kalamu ya dawa hiyo mpya ilinunuliwa mjini na mwanawe wa kwanza kwa fedha alizokopa kazini. Alifanya hivyo kwa upendo, wala simlaumu. Jirani mmoja akamwambia mama kwamba hiyo ndiyo dawa inayowaondolea watu insulini. Mama huyu amechoma insulini kila siku tangu akiwa na miaka 19. Nani asingefurahi kusikia kwamba shida hiyo imekwisha? Siku ya sita alipoanza kutapika, watu wa nyumbani hawakushtuka, kwa sababu walikwisha kusikia kwamba dawa mpya hutapisha. Walidhani dawa inafanya kazi yake. Kumbe mwili ulikuwa unakufa kwa kukosa insulini.

Tulimtundikia maji, akapewa insulini usiku kucha, na siku ya nne aliweza kukaa na kunywa uji. Alipona. Lakini kama vijana wale wangengoja mpaka asubuhi, sidhani kama tungempata.

Kwa sababu ya mama huyo nimemwomba mhariri nafasi mwezi huu. Habari za sindano mpya za kisukari zimeenea kila mahali: sokoni, kwenye jumuiya, hata kwenye mabasi. Wengine wanasema ni muujiza. Wengine wanasema ni dawa ya matajiri wanaotaka kupungua unene, haituhusu. Kwa maoni yangu pande zote mbili zimekosea. Nami nina sababu ya kusema hivyo, kwa kuwa mimi si muuguzi tu. Mimi mwenyewe nina kisukari, ninachoma insulini, na sindano hiyo mpya nimeitumia.

KWANZA TUIELEWE INSULINI

Chakula tunachokula, kama ugali, ndizi, wali na viazi, hugeuka kuwa sukari ndani ya damu. Sukari hiyo ndiyo nguvu ya mwili, lakini haiwezi kuingia vizuri ndani ya misuli na viungo bila insulini. Insulini hutengenezwa na kongosho, kiungo kilichoko nyuma ya tumbo la chakula. Ikikosekana, sukari hujaa kwenye damu huku mwili wenyewe ukiwa na njaa.

Kuna kisukari cha aina ya kwanza. Hapa kongosho halitengenezi insulini, au hutengeneza kidogo mno. Mara nyingi huanza utotoni au ujanani. Mtu huyu akikosa insulini hufa, wala si baada ya miaka, bali baada ya siku au wiki chache. Mama wa pikipiki ni wa aina hiyo.

Kuna pia aina ya pili, ambayo ndiyo ya wengi. Hapa kongosho hutengeneza insulini, lakini mwili hauiitikii sawasawa, na miaka inavyopita kongosho lenyewe huchoka. Wengi huanza kwa kurekebisha chakula, mazoezi na vidonge. Baadhi yetu baadaye huhitaji insulini pia. Mimi ni wa aina hii.

Yafaa tukumbuke jinsi insulini ilivyopatikana, maana tumeizoea mpaka tunaidharau. Tarehe 11 Januari 1922, katika mji wa Toronto nchini Kanada, kijana wa miaka 14 aliyeitwa Leonard Thompson alikuwa mgonjwa wa kwanza wa kisukari kuchomwa insulini ya watafiti wa huko. Ile ya kwanza haikuwa safi, ikamdhuru. Ikasafishwa zaidi, na siku chache baadaye akachomwa tena, sukari ikashuka. Kijana aliyekuwa akingojea kifo aliishi mpaka mwaka 1935. Watafiti Frederick Banting, Charles Best na James Collip waliiuzia haki ya ugunduzi wao Chuo Kikuu cha Toronto mwaka 1923, kila mmoja kwa dola moja tu. Hawakutaka mgonjwa akose dawa kwa sababu ya bei. Nitarudi kwenye jambo hili.

SINDANO HII MPYA NI NINI?

Tunapokula, utumbo wetu hutoa homoni iitwayo GLP-1. Homoni hiyo hufanya kazi nne. Huliambia kongosho litoe insulini wakati sukari imepanda. Huzuia homoni nyingine inayopandisha sukari. Hufanya chakula kitoke tumboni polepole. Na huuambia ubongo kwamba tumeshiba. Tatizo ni kwamba homoni hiyo huharibika ndani ya dakika chache.

Mwaka 1992 daktari mmoja wa Marekani, John Eng, aligundua katika mate ya mjusi mwenye sumu wa jangwani kitu kinachofanana na homoni hiyo, lakini kinachodumu kwa muda mrefu zaidi. Kutokana na ugunduzi huo ilitengenezwa dawa ya eksenatidi, ambayo iliruhusiwa Marekani mwaka 2005 kwa jina la Byetta. Baadaye zikaja nyingine za jamii hiyo: liraglutidi, inayochomwa kila siku, kisha dulaglutidi na semaglutidi, zinazochomwa mara moja kwa wiki. Semaglutidi ndiyo watu wengi wanaifahamu kwa jina la Ozempic, ambayo iliruhusiwa Marekani mwaka 2017. Mwaka 2022 ikaongezeka tirzepatidi, inayofanya kazi kwa njia ya homoni mbili.

Dawa hizi si insulini. Naomba kila anayesoma ukurasa huu alikariri neno hilo na kumwambia jirani. Dawa hizi hulisaidia kongosho ambalo bado lina nguvu kidogo. Kongosho lililokwisha kabisa haliwezi kusaidiwa nazo. Ndiyo maana zimekusudiwa aina ya pili ya kisukari, na hazichukui nafasi ya insulini kwa mtu wa aina ya kwanza.

Je, zina faida kweli? Ndiyo. Utafiti mkubwa wa liraglutidi uliotangazwa mwaka 2016, uliohusu wagonjwa zaidi ya 9,000 wa aina ya pili waliokuwa na hatari kubwa ya ugonjwa wa moyo, ulionyesha kwamba waliotumia dawa hiyo walipatwa na kiharusi, shambulio la moyo au kifo cha moyo kidogo kuliko wenzao. Mwaka 2024 utafiti mwingine, wa semaglutidi, ulionyesha kwamba wagonjwa wa aina ya pili wenye ugonjwa wa figo walikingwa kwa kiasi kikubwa wasifikie hatua mbaya. Sisi tunaowaona watu wakiharibikiwa figo wodini tunajua maana ya maneno hayo. Basi asiwepo mtu wa kusema ni dawa ya urembo tu.

YALIYONIPATA MIMI

Niligunduliwa kuwa na kisukari mwaka 2010. Kwa miaka minane nilitumia vidonge. Kisha vikashindwa, nikaanza insulini ya kuchanganywa, asubuhi na jioni. Insulini iliniokoa, lakini ilikuja na mambo mawili. Nilinenepa, kilo baada ya kilo, na kadiri nilivyonenepa ndivyo nilivyohitaji uniti nyingi zaidi. Tena usiku mara kwa mara sukari ilishuka. Niliamka nikitetemeka, jasho limelowesha shuka, mume wangu akikimbilia sukari jikoni gizani.

Nawaambia kwa aibu kidogo: asubuhi nilisimama mbele ya wagonjwa kwenye kliniki nikiwafundisha jinsi ya kutawala sukari, na ndani ya mkoba wangu kulikuwa na karatasi ya kipimo changu cha miezi mitatu iliyosoma asilimia 9.4. Lengo la wengi wetu ni karibu asilimia 7.

Mwaka jana mtoto wa kaka yangu, anayefanya kazi ng'ambo, alinipigia simu. "Shangazi," akasema, "huku watu wenye hali kama yako wanaongezewa sindano ya wiki. Nitakuletea." Nilimjibu kwa ukali kwamba sina shida ya kupungua kwa ajili ya picha. Hayo ndiyo yalikuwa mawazo yangu, mimi muuguzi mwenye diploma. Daktari wetu ndiye aliyenirekebisha. Aliniambia, "Dada, usiikatae dawa kwa sababu ya watu wanaoitumia vibaya. Tuangalie kama inakufaa wewe."

Kabla sijaanza, daktari alinipima figo, akanituma kupimwa macho, na akaniuliza kama katika ukoo wetu kuna saratani ya tezi ya shingo, au kama nimewahi kuugua kongosho. Macho ni muhimu, kwa sababu sukari iliyokaa juu miaka mingi ikishuka ghafula, jicho lililokwisha kuharibika linaweza kuzidi kuharibika. Mambo haya huwezi kuyaona kwa kumtazama mtu sokoni.

Nilianza kwa kipimo kidogo, miligramu 0.25 kila Jumapili jioni, kwa wiki nne, kisha miligramu 0.5. Insulini sikuacha. Nilikuwa nachoma uniti 34 asubuhi na 22 jioni. Kwa sababu ya ile shida ya usiku, daktari alipunguza za jioni ziwe 18, akaniagiza nipime sukari mara nne kwa siku na kuandika kwenye daftari. Hakuna uniti hata moja niliyoipunguza kwa kichwa changu.

Wiki tatu za kwanza zilikuwa ngumu. Nilichefuka, hasa nikinusa mafuta ya kukaangia. Siku mbili nilitapika. Nilifunga choo. Nilijifunza kula kidogo kidogo, kuacha vyakula vya mafuta mengi, na kunywa maji ya kutosha. Kila nilipotapika nilipima sukari. Nilijifunza jambo jingine pia: hamu ya kula inapopungua, unaweza kujikuta umechoma insulini ya kawaida halafu ukala nusu sahani. Hapo sukari hushuka. Mara moja nilishuka mpaka 3.1 nikiwa zamu ya mchana. Nilikunywa nusu chupa ya soda, nikapumzika dakika 15, nikapima tena.

Baada ya miezi mitano uzito wangu ulikuwa umetoka kilo 91 ukafika 84. Insulini ilikuwa imeshuka, uniti 26 asubuhi na 12 jioni. Kipimo cha miezi mitatu kilisoma asilimia 7.6. Usiku nililala. Mume wangu alisema sasa naye amepona kisukari.

DAWA ILIPOKWISHA

Mwezi wa sita kalamu hazikuja. Yule kijana alikuwa amepoteza kazi, nami sikuweza kumlaumu. Alikuwa na familia yake. Nilikwenda kuuliza bei katika duka la dawa mjini. Kalamu moja ya mwezi ilikaribia nusu ya mshahara wangu. Tuna watoto wawili shuleni. Nilirudi nyumbani mikono mitupu.

Njaa ilirudi kwanza, kama mgeni aliyesahau kofia. Kisha sukari ikapanda. Ndani ya miezi miwili kilo tatu na nusu zilikuwa zimerudi, na daktari alilazimika kuipandisha insulini tena mpaka karibu na pale ilipokuwa. Hili si jambo langu peke yangu. Dawa hizi hufanya kazi wakati unazitumia. Ukiacha, mwili hurudi kwenye tabia zake za zamani.

Lakini angalieni jambo moja. Dawa mpya ilipokatika, sikulazwa. Kwa nini? Kwa sababu insulini ilikuwepo, mashine ya kupimia ilikuwepo, na nilijua cha kufanya. Ile sindano ya zamani ndiyo iliyonishika mkono nilipoachwa na mpya. Mama wa pikipiki alikuwa ameuacha mkono huo.

MAONI YANGU KWA FAMILIA

Kutokana na hayo yote, nina maoni yafuatayo.

Kwanza, insulini ndiyo nguzo ya nyumba. Fedha ya familia ikiwa kidogo, ipange hivi: insulini na mabomba yake kwanza, vipande vya kupimia sukari pili, chakula kinachofaa na dawa za shinikizo la damu tatu. Kikibaki kitu, na daktari akisema inafaa, ndipo mfikirie sindano ya nyongeza. Nimeona familia ikitaka kuuza shamba ili kununua kalamu za miezi mitatu. Niliwazuia. Shamba lile hulisha watu saba, na baada ya miezi mitatu kusingekuwa na shamba wala dawa.

Pili, kabla ya kuanza, jiulizeni: tutaendelea nayo kwa njia gani? Nani atalipa mwezi wa sita? Kama jibu halipo, semeni na daktari wazi. Si aibu.

Tatu, msipunguze wala kuacha insulini bila daktari. Hata kwa wa aina ya pili, insulini hupunguzwa hatua kwa hatua huku sukari ikipimwa.

Nne, mgonjwa wa kisukari akitapika, pimeni sukari, haidhuru anatumia dawa gani. Akitapika mfululizo, akiumwa tumbo, akipumua haraka au pumzi ikinukia kama matunda, mleteni hospitali usiku huo huo. Maumivu makali ya tumbo yanayochoma mpaka mgongoni nayo yasingoje asubuhi. Yaweza kuwa ni kongosho au mawe ya nyongo. Msiseme "ni dawa tu".

Tano, kalamu moja ni ya mtu mmoja. Nimesikia ndugu wawili wakichangia kalamu moja kwa kubadilisha sindano tu. La hasha! Damu kidogo sana inaweza kurudi ndani ya kalamu bila kuonekana, na kwa njia hiyo virusi vya UKIMWI na vya homa ya ini vinaweza kupita. Hili ni kweli kwa kalamu za insulini pia. Wala msichanganye insulini na dawa hii katika bomba moja.

Sita, mama mwenye mimba, anayetaka kushika mimba au anayenyonyesha asiitumie. Semaglutidi inatakiwa iachwe miezi miwili au zaidi kabla ya kushika mimba. Insulini, kinyume chake, inaweza kutumika katika ujauzito chini ya uangalizi.

KWA NDUGU WALIOKO MBALI

Ninyi mnaotutumia dawa kutoka Dar es Salaam, Nairobi, Muscat au Ulaya, tunawashukuru. Lakini msitume dawa peke yake. Kabla ya kununua, pigeni simu, ongeeni na daktari anayemtunza mzazi wenu. Mara nyingi atawaambia kwamba kinachokosekana ni vipande vya kupimia sukari, ambavyo bei yake ni ndogo kuliko kalamu na huokoa maisha kila siku.

Mkituma, dawa isiwekwe kwenye mzigo unaoweza kuganda wala kuchemka ndani ya gari. Kalamu ambayo haijafunguliwa hukaa kwenye jokofu, nyuzi 2 mpaka 8. Iliyokwisha kufunguliwa inaweza kukaa nje wiki kadhaa, isipokuwa joto lisizidi nyuzi 30. Idadi ya siku imeandikwa kwenye karatasi ya dawa. Iliyoganda itupwe, hata kama imeyeyuka na inaonekana nzuri. Kwa nyumba isiyo na umeme, chungu cha udongo kilichozungushiwa mchanga uliolowana, kikiwekwa kivulini, huwasaidia wengi wetu kuitunza chupa ya insulini inayotumika.

Tena msinunue kwa watu wa mitaani wala kwa mtu asiyejulikana kwenye simu kwa sababu ya bei nafuu. Mwezi Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kuhusu semaglutidi bandia iliyogunduliwa mwaka 2023 katika nchi za Brazili, Uingereza na Marekani. Shirika lilieleza kwamba kalamu bandia inaweza kuwa na kitu kingine ndani, kama insulini. Fikirini: mgonjwa anachoma insulini yake, kisha anachoma insulini nyingine bila kujua. Asubuhi hamtamwamsha.

KWA SISI WAHUDUMU NA KWA WENYE MAMLAKA

Nisiwaonee wagonjwa peke yao. Mama wa pikipiki aliuziwa kalamu ile bila cheti, na hakuna aliyemwuliza kama ana kisukari cha aina gani. Lakini hata sisi tuna makosa. Miezi miwili kabla ya siku ile alipita kwenye kliniki yetu, akaniuliza, "Sista, ile sindano ya wiki inanifaa?" Kulikuwa na foleni ndefu. Nilimjibu, "Mama, achana na mambo ya matajiri, endelea na yako." Sikumweleza kwa nini. Kama ningetumia dakika tano kumwambia kwamba kongosho lake haliwezi kusaidiwa na dawa hiyo, na kwamba insulini ndiyo uhai wake, jirani asingepata nafasi ya kumfundisha. Nilimwomba msamaha alipokuwa anatoka wodini. Alicheka, akasema, "Sista, siku nyingine nieleze tu, mimi nasikia."

Tangu siku hiyo katika kliniki yetu kila mgonjwa anaandikiwa aina ya kisukari chake kwenye jalada la daftari lake, kwa herufi kubwa, na tunamwuliza arudie kwa maneno yake mwenyewe. Hili halina gharama. Nawasihi wenzangu wa zahanati na vituo vya afya wafanye vivyo hivyo.

Na kuhusu bei. Septemba 2025 Shirika la Afya Duniani liliziingiza semaglutidi, dulaglutidi, liraglutidi na tirzepatidi katika orodha yake ya dawa muhimu, kwa ajili ya watu wenye kisukari cha aina ya pili pamoja na ugonjwa wa moyo au figo, na walio na unene wa kupindukia. Maana yake ni kwamba dunia imekubali kuwa si dawa za anasa. Lakini kuwa kwenye orodha si kuwa kwenye kabati la hospitali. Insulini yenyewe imekuwa kwenye orodha hiyo tangu mwaka 1977, na bado wapo wanaokufa kwa kuikosa. Kwa hiyo naona ni haki yetu kudai mambo mawili kwa mpangilio: insulini na vipimo vipatikane bila kukatika hata katika zahanati ya mwisho, kisha dawa hizi mpya zishushwe bei na ziingizwe kwenye bima kwa wale ambao moyo na figo zao zinazihitaji zaidi. Kuanza na la pili na kuliacha la kwanza kutakuwa sawa na kupaka rangi nyumba isiyo na paa. Wale watatu wa Toronto waliuza kazi yao kwa dola moja kila mmoja. Hatudai mwingine afanye hivyo, lakini tusiache kuwakumbusha wenye viwanda kwamba iliwezekana.

Watu huniuliza kama nikipata fedha nitaianza tena sindano ile. Ndiyo, nitaianza, kama daktari atakubali na kama nina hakika ya kuipata kwa mwaka mzima. Ilinisaidia, sitaikana. Lakini leo asubuhi kabla ya kuja kazini nimechoma insulini yangu, uniti 32, nikanywa uji wa ulezi usio na sukari, nikatia soda moja kwenye mkoba kwa dharura. Ndivyo ninavyoishi, na ninaishi.

Nawe msomaji mwenye kisukari, au mwenye mzazi, mke, mume au mtoto mwenye kisukari, leo hii jioni uliza swali moja tu nyumbani: "Kisukari chetu ni cha aina gani?" Kama hakuna anayejua, njoni kliniki na daftari lenu. Tutakaa chini tuelezane, hata kama foleni ni ndefu.